Mdomo wa Chupa

Usiku wa jana niliota niko maabara ya shule, kazini kwangu, na chupa ya methili salisileti inanisalimia. Ndani yake mna kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu ileile ya dawa ya kuchua misuli. Nikaitikia kwa adabu.

"Mtunza maabara," ikasema, "funga mdomo."

Nikafunga. Sikukasirika, maana kweli mimi nina maneno mengi.

"Humu ndani mna ndoa," ikaendelea. "Mume ni asidi, mke ni alkoholi. Wakiwa pamoja mnawaita esta. Mshenga wao alikuwa asidi ya salfa. Aliwaunganisha, akaondoka vilevile alivyokuja, hakupungua hata tone."

Nikatamani kuuliza ni mshenga gani huyo asiyeondoka hata na sahani ya pilau. Lakini mdomo nimeshaufunga.

Mara maabara ni sebule ya ukweni kwangu. Mlango unagongwa.

"Ni Maji," chupa inanong'ona. "Akija peke yake huchukua muda mrefu kuwatenganisha. Leo kaja na Magadi. Funga mdomo!"

Nabana midomo mpaka inauma. Maji anaingia, anavua viatu, anaketi. Magadi anakunja mikono ya shati.

"Tumekuja kumchukua alkoholi," Maji anasema kwa upole. "Asidi atabaki na Magadi."

"Funga mdomo!" chupa inalia.

Naionyesha midomo yangu kwa kidole. Nifunge upi tena?

"Wa kwangu, mjinga wewe! Tangu mchana umeniacha wazi, kando ya sinki!"

Hiyo ndiyo chupa pekee tuliyobaki nayo, na ndoa za watu si za kuchezea. Nikatafuta kifuniko, sikukiona. Nikachomeka kidole gumba. Maji akanigonga ukucha mara tatu, kwa heshima, akasema watasubiri mpaka nichoke.

Niliamshwa na mke wangu, Salhina.

"Baba Rehani, nani kajichua humu ndani?"

Nikanusa gumba langu. Lilikuwa na alama ya duara, nyekundu. Nikapapasa mfuko wa koti la kazi, nikakuta kifuniko.

"Mbona unavaa viatu bila soksi? Unakwenda wapi?"

"Kuokoa ndoa."

"Ndoa ya nani?"

Nilitaka kumweleza yote tangu mwanzo, pamoja na habari za mshenga. Nikakumbuka. Nikafunga mdomo, nikatoka mbio, gumba likiwa juu.