Mashine Kubwa ya Mzee Jitendra

Biashara huria iliporuhusiwa na kompyuta za Dubai zikamwagika Kariakoo, Mzee Jitendra alinunua sita kwa duka lake la kuchapa kadi za harusi, Mtaa wa Sikukuu. Candida, mwenye stashahada na mtoto wa kulea, aliajiriwa kwa majaribio aziunganishe. Sharti lilikuwa moja: kazi ikisimama kwa ajili ya waya zake, arudi Magomeni akauze vitumbua.

Akaziunganisha. Majina ya wafanyakazi, maneno yao ya siri na kazi zao zote akaziweka kwenye mashine moja kubwa. Sasa mchapaji Hashil alikaa kwenye kompyuta yoyote, akaandika jina lake, akakuta kadi zake zinamsubiri. Disketi zikastaafu.

"Hiyo kubwa itakaa wapi?" aliuliza mzee.

"Chini ya kaunta, bosi."

"Kubwa ikae chini na wadogo? Umeona wapi wewe?"

Ikapandishwa ofisini kwake ghorofani, ikavishwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa ua la plastiki. Ilibaki kuamkiwa shikamoo tu.

Mchana mzee akaenda kula kwake Upanga. Huku chini skrini zote zikaganda. Mteja mmoja, mama wa bibi harusi, akaanza kuwasomea watu albadiri pale kaunta. Candida alipanda ngazi mbio. Mlango umefungwa, ufunguo uko Upanga unakula.

Mzee alirudi ameshiba, na mkewe, Ila, akiwa nyuma yake.

"Unaona? Waya zako uganga mtupu!"

"Bosi, ulizima mashine?"

"Nilizima! Na taa, na feni. Mimi sipo, nani anaitumia?"

"Wote wanaitumia, bosi. Kazi zao zimo humo."

"Mashine yangu, bila mimi? Kesho usije!"

Mkewe Ila akaguna. "Baba Nilesh, huyu anajua kuunda kubwa zaidi ya hiyo. Ukimfukuza, utaundiwa na nani?"

Mzee akasita. "Kubwa kiasi gani?"

"Inafika kiunoni," alisema Candida haraka, akikumbuka kasha tupu lililokuwa stoo.

Akalitia feni na taa mbili za kuwaka na kuzima, basi. Kasha likapanda juu na kurithi kitambaa. Mashine yenyewe ikateremka chini ya kaunta, ikafunikwa maboksi ya bahasha. Kila mchana mzee alizima kasha lake kwa uchungu wa mwenye mali, akafunga mlango, akaenda kula. Chini watu wakachapa kadi.

Majaribio yalipoisha mzee akamwita Candida ofisini, akatia saini ajira ya kudumu.

"Unaona? Tangu niweke kubwa kweli kweli, kazi haijasimama."

"Kabisa, bosi," alisema Candida, akalinyoosha lile ua la plastiki.