Karata za Kwenda Granada

Kila mwaka, Pasaka ikishapita, ndugu wawili wa ukoo wa Carrascosa hufunga nyumba zao pale Manzanares, huwapakia wake zao kwenye gari la Leandro na kwenda kuitembea Hispania. Na kila mwaka, kabla ya safari yenyewe, hugombana kwanza. Wala si ugomvi wa chuki. Hugombana kama watu wengine wanavyokwenda mpirani, kwa raha zao na kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

Leandro, aliye mdogo, alikuwa na bucha mpaka alipostaafu, na kwake yeye mji ni kile kinacholiwa ndani yake. Mtajie mfereji wa Warumi ulioko Segovia, atakuuliza mkahawa wa karibu ni upi. Jumapili moja ya Februari alikuja kula chakula cha mchana kwa kaka yake Fulgencio huku ramani iko kwapani, na sahani hazijaondolewa mezani tayari alikuwa ameikunjua juu ya makombo ya mkate na kuikandamiza kwa bakuli la zeituni.

"Zaragoza tunalala," alisema, akipitisha kidole chake kinene. "Barcelona siku tatu. Tunapanda Montserrat kuwasalimia watawa, Obdulia asije akasema namnyima Mungu. Halafu San Sebastián, na hapo msinisemeshe, nitakuwa nakula."

"Barcelona kuna lile kanisa lisilokwisha kujengwa," alisema Obdulia, mkewe. "Nataka kuliona kabla sijakwisha mimi."

"Wewe hutakwisha leo wala kesho," Leandro alimwambia. "Nimeshauliza."

Visitación, mke wa Fulgencio, alicheka pamoja nao, akamwaga kahawa, akakaa. Moyoni hakuwa na kicheko. Alikuwa akiitazama ile ramani chini kabisa, kusini, kwenye kidoa kidogo kilichoandikwa Granada, na Granada ilikuwa imefunikwa na bakuli la zeituni.

"Mwaka huu twende kusini," alisema. "Córdoba, Granada, Sevilla. Fulgencio hajaiona Alhambra."

"Shemeji, Alhambra imekaa pale miaka mia saba. Mwakani itakuwa imehama?"

Kasri ya Alhambra haitahama, Visitación alijua. Kitakachokuwa kimeondoka mwakani ni macho ya mumewe. Daktari alisema katikati ya jicho panakauka, macho yote mawili, na alisema kwa upole sana, jambo lililomtisha Visitación kuliko maneno yenyewe. Fulgencio alikuwa bado anaona pembeni pembeni. Karata aliweza kuzisoma akizipeleka karibu na sikio kama mtu anayesikiliza saa. Sura ya mtu aliyeketi mbele yake ilikuwa imeshakuwa ukungu.

Na Fulgencio alikuwa fundi wa lipu. Alipaka lipu nusu ya nyumba za Manzanares, na miaka yote hiyo alikuwa na wimbo mmoja: kwamba kule Alhambra, Granada, kuna kuta za nakshi za chokaa zilizochongwa na mafundi ambao hata mifupa yao haipo tena, na hazijapasuka, na kwamba siku moja atakwenda kusimama mbele yake aone walifanyaje. Mwaka huu watoto wana ada, mwaka ule paa linavuja, mwaka mwingine Leandro anataka kula pweza Galicia. Ndivyo maisha yalivyopita, na Visitación alikuwa na hasira nayo.

Mumewe alimwapisha asimwambie mtu. "Leandro akijua," alisema, "watanitembeza kama sanamu ya mtakatifu kwenye maandamano. Mmoja huku, mmoja kule, na Obdulia nyuma analia. Sitaki." Basi Visitación aliapa, na tangu aape hakulala vizuri.

"Kusini, kaskazini, tutabishana mpaka chakula cha jioni," alisema Fulgencio kutoka kitini pake. "Lete karata."

Hivyo ndivyo safari zote za akina Carrascosa zinavyoamuliwa. Huchezwa mus, mume na mke upande mmoja, wakiketi kutazamana, na watakaoshinda michezo miwili kati ya mitatu ndio wenye kuchora njia kwenye ramani. Mus ni mchezo wa wenzi kupeana ishara za uso, na kila ugawaji wa karata, uitwao mkono, huwa na dau la karata kubwa, ambapo mfalme ndiye mkubwa, kisha madau mengine. Ukiuma mdomo wa chini, una wafalme wawili. Ukiuuma upande mmoja, una watatu. Ukifumba macho, huna kitu. Ishara ni halali, na mpinzani akiidaka ni bahati yake. Kisicho halali ni kutoa ishara ya uongo. Mtu anaweza kumdanganya padri pale Manzanares na akasamehewa, lakini aliyetoa ishara ya uongo kwenye mus hukaa peke yake baa mpaka kufa.

Dengu za kuhesabia pointi zikamwagwa mezani, Obdulia akagawa, wakaanza.

Mchezo wa kwanza ulikuwa aibu. Visitación alipata wafalme wawili, akauma mdomo. Fulgencio alikuwa akimwelekea kwa uso mtulivu wa mtu anayeota jua.

"Napita," alisema Fulgencio.

Visitación aliuma tena mpaka mdomo ukauma kweli.

"Nimesema napita."

"Kaka, mkeo anajitafuna," alisema Leandro, akikusanya dengu zake kwa kicheko. "Mpe mkate."

"Ana njaa," alisema Fulgencio. "Kila ukija hapa unamaliza chakula."

Wakacheka wote, na Visitación akacheka kwa sauti kubwa kuliko wote ili kuziba ule upungufu. Walishindwa vibaya. Obdulia alikuwa ameshaanza kuuliza kama Barcelona mwezi wa nne ni wa sweta au koti.

Mchezo wa pili Visitación aliamua kucheza kana kwamba hana mwenzi. Aliingia kwa nguvu, akatishia asipokuwa na kitu, akanyamaza alipokuwa nacho, na karata nazo zikamhurumia. Walishinda kwa dengu moja. Leandro alilalamika kwamba shemeji yake ana jicho la kijini na kwamba kahawa ilikuwa na dawa.

Ilikuwa mwanzoni mwa mchezo wa tatu ndipo Leandro alipofanya punda.

Punda ni mambo yao tangu utotoni. Mmoja akishinda mkono mzuri humgeukia mwenzake, huinua viganja viwili kwenye masikio, huvitikisa na kutoa meno. Anayefanyiwa hujibu kwa tusi, kila mara tusi jipya, na Fulgencio alijulikana mji mzima kwa matusi yake ya punda. Leandro alishinda mkono, akamgeukia kaka yake akiwa kimya, akainua masikio, akayatikisa.

Fulgencio alikuwa akimtazama usoni moja kwa moja. Hakusema neno. Alinyoosha mkono kuchukua glasi yake, vidole vikatua mezani kando yake, vikatambaa mpaka vikaipata.

Masikio ya punda yalibaki hewani. Halafu Leandro aliyashusha polepole, moja kisha jingine, akaiweka mikono yake mapajani. Akamtazama Visitación. Visitación akazitazama karata zake, na uso ukamwaka moto, kwani hakuwa amesema kitu lakini alijiona kama aliyesema yote.

"Vipi, mdogo wangu, umelala?" aliuliza Fulgencio. "Gawa."

"Nagawa," alisema Leandro.

Tangu hapo hakufanya mzaha tena. Obdulia, ambaye hakuwa ameona kitu kwa vile alikuwa akizipanga dengu, alimpapasa paji la uso akimwuliza kama ile nyama ya sungura imemkaa vibaya. Leandro alisema sungura hana hatia.

Mchezo ulisogea bega kwa bega hadi mkono wa mwisho. Kila upande ulibakiwa na dengu chache tu za kumaliza. Visitación aliinua karata zake moja moja: mfalme, mfalme, na mfalme mwingine tena. Ya nne hakuijali. Kwa tabia tu ya miaka mingi, aliuma mdomo upande mmoja kumwelekea mumewe, akijua kabisa kwamba anautolea ishara ukungu. Alipoinua macho aliona kwamba Leandro alikuwa akimtazama, wazi, bila hata kujificha. Ameidaka. Upande wa pili Obdulia alikuwa amefumba macho kumwambia mumewe kwamba hana kitu, na aliyafumba kwa muda mrefu kama mtu anayesali.

Basi imekwisha, Visitación aliwaza. Sasa anajua nina nini, atakaa kimya kwenye karata kubwa, atanimaliza kwenye nyingine. Barcelona. Na mwakani nitamshika Fulgencio mkono, nitampeleka mbele ya ukuta wa Granada na kumweleza kwa maneno, mimi nisiyejua chokaa wala jasi.

Zamu ya kusema kwanza ilikuwa ya Leandro.

"Karata kubwa," alisema, akikohoa kidogo. "Órdago."

Ukitamka neno hilo umeweka mchezo mzima mezani, si dengu moja wala mbili. Obdulia aliyafumbua macho na kumpiga mumewe teke ambalo kila mtu alilisikia.

"Huyu amelewa," alisema Obdulia.

"Nimesema órdago. Mnakubali au mnaogopa?"

"Visi?" aliuliza Fulgencio, akiwa ameinamisha kichwa kuelekea kwake.

"Nakubali," alisema Visitación, akalaza wafalme watatu juu ya ramani, kaskazini yote ikafunikwa.

Leandro alizitupa zake kifudifudi. "Haya. Mmeshinda. Bahati ya kijini."

Fulgencio alipiga meza kwa kiganja mpaka zeituni zikaruka. Alimwita mdogo wake kondoo, gunia la utumbo, muuza mifupa aliyepofuka kwa tamaa, na alisema habari hiyo itafika baa kabla ya wao kuvaa makoti. Obdulia alimsaidia kwa matusi ya kwake mwenyewe, makali zaidi. Leandro aliyapokea yote kwa kichwa kilichoinama, kama mtu anayenyeshewa na hana haraka. Visitación alikusanya karata, na alipozifikia za Leandro alizipindua kidogo kwa kidole gumba: nne, tano, sita, saba. Hata mfalme wa dawa hakuwemo. Alizichanganya haraka na nyingine.

"Chora njia, shemeji," Leandro alimwambia Visitación, akimsogezea kalamu. "Lakini tuanze na Granada. Córdoba tutapitia wakati wa kurudi."

"Córdoba ndiyo ya kwanza barabarani," alisema Obdulia. "Unaruka mji ili uurudie? Kwa nini?"

"Kwa sababu gari ni langu. Na tusingoje Pasaka. Mwezi wa tatu hakuna watu."

"Mwezi wa tatu kuna baridi."

"Utavaa lile koti la Barcelona."

Waliondoka jua likiwa bado liko juu ya mapaa, Obdulia akiendelea kumsema mumewe mpaka kwenye kona. Visitación alisimama jikoni akiosha vikombe. Fulgencio alikuwa akivifuta, kwa kuwa kikombe hakihitaji macho.

"Ulikuwa na wafalme wangapi?" aliuliza.

"Watatu."

"Uliuma mdomo?"

"Kidogo."

Alifuta kikombe kilichokwisha kukauka. "Yeye je?"

Visitación angeweza kusema lolote. "Nne, tano, sita, saba," alisema.

Fulgencio alikiweka kikombe kwenye kabati, akatafuta kingine kwa vidole, akakipata. Kwenye mus, Leandro hajawahi kumwachia mtu ushindi. Hakumwachia Fulgencio siku ya harusi yake, hakumwachia baba yao alipokuwa kitandani anaumwa, na mzee alikufa akimdai mchezo wa marudiano.

"Kwa hiyo ameona," alisema.

"Sikumwambia, Fulgencio. Naapa. Alikufanyia punda."

"Alinifanyia punda?" Fulgencio aligeuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana amehuzunika kweli. "Nikakaa kimya?"

"Ukakaa kimya."

Alisimama pale na kitambaa mkononi. Visitación alizima bomba, akamwegemea begani, akanusa ile harufu ya chokaa ambayo haikumtoka hata baada ya kustaafu.

"Kesho mpigie simu," alisema Fulgencio hatimaye. "Mwambie nimemsikia. Mwambie nina tusi lake, nitampa tukifika Granada. Na kule asithubutu kunishika mkono mbele za watu."

"Nitamwambia."

Fulgencio alirudi kwenye vikombe. Alifuta kimoja, akafuta cha pili.

"Kwenye ngazi tu," alisema.