Sifuri ya Mwamba wa Kusini

Salvina alipasua kifuko kwa mkasi mdogo, akakifunua taratibu chini ya hadubini.

"Na hicho kinaliwa?" aliuliza mama yake, Anatolia, akichambua maharage barazani.

"Hakiliwi, mama."

"Basi umesomea makamasi ya bahari."

Salvina alicheka bila kuinua uso. Alikuwa amekuja likizo kwao Ihembe, mbali na pwani, na chupa za sampuli: wanyama laini wa baharini, mfano wa vifuko, wanaonata kwenye matumbawe na kurusha maji wakibanwa. Rangi haikumsaidia kuwatofautisha, dawa ya kuwahifadhia huifuta. Ilibidi awapasue, ahesabu safu za matundu ya kupumulia.

Kuchora ramani ya mahali walipopatikana ilikuwa kazi ya Projestus, kijana wa Rubwera, si mbali na kwao, ambaye Salvina mwenyewe alimpigania hadi akaajiriwa. Kabla ya kupiga mbizi mara ya kwanza waligawana punje moja ya kahawa, kila mtu nusu yake, kama Wanyambo wanaofanya undugu: hakuna atakayemficha mwenzake.

Asubuhi hiyo ramani ilimfikia kwenye simu. Mwamba wa Kusini, penye kifuko ambacho bado hakina jina, ulikuwa umeandikwa sifuri. Ndipo gati litakapojengwa. Kwa ramani hiyo, kibali cha kulipua matumbawe kilikuwa kimeshatoka.

Mchana Projestus alishuka kwenye bodaboda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Anatolia aliingia ndani.

"Da Salvina, nimekuja mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

"Hiki hapa ulikibandua wewe, kwa mkono wako. Kusini."

"Wangejenga tu. Na wamenipa kazi ya kudumu pale gatini. Tungepinga, tungepata nini?"

"Ungepaacha wazi, ningesema hukufika. Umeandika sifuri. Sifuri maana yake ulitafuta, ukakosa." Alifunga chupa. "Na chini yake umeweka jina langu."



Anatolia alirudi na kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama apewavyo kila mgeni. Projestus akakinga kiganja.

"Salvina, si huyu mliyekula naye kahawa?"

"Ndiye, mama."

"Na hayo niliyoyasikia dirishani?"

"Ni kweli."

 Anatolia akampita mgeni, kikapu kifuani, akaenda zake jikoni.

Kiganja cha Projestus kilibaki wazi. Salvina aliinamia hadubini, akahesabu safu, akapoteza hesabu, akaanza upya.