Pigo la Kuepulia Korosho

Katika kibanda cha kukaangia korosho, njia ya Ruponda, Mwanamvua hakuwa na haja ya saa. Alijua tu wakati wa kuepua karai. Panya wa ukutani naye alijua: alitokeza pua kabla tu ya karai kuinuliwa, akaokota vipande vilivyoruka, akarudi shimoni. Huku panya wa shamba ni kitoweo, lakini huyu aliachwa, maana alihesabiwa kuwa mfanyakazi mwenzao.

Siku moja msimamizi, Maximilian, alimtandika panya kichwani kwa mwiko wa chuma.

"Bosi, kakukosea nini?" akauliza Mwanamvua.

Maximilian akageuka na mwiko uleule, akamtandika naye kichwani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwenyewe alimpeleka zahanati kwa bodaboda, akawaeleza wauguzi kwamba Mwanamvua ameteleza.

Mwanamvua na panya walipona wote wawili, ila ule ujuzi wa wakati uliwatoka. Panya alitokeza korosho zikiwa bado mbichi, akakodoa macho, akarudi na njaa. Mwanamvua alichelewa, korosho zikaungua, na Maximilian akamwambia mwezi ukiisha atafute kazi kwingine.

Ndipo pigo lilipoanza. Korosho zikiiva barabara, mlio wa chuma juu ya kichwa cha mtu ulisikika katikati ya kibanda, na sauti ya Mwanamvua ikaguna, ilhali mwenyewe kafunga mdomo. Tabitha, wa karai la pili, alisikia akaepua. Siku aliyokosa kufika Mwanamvua, kibanda kilinyamaza na korosho zikaungua, kwa hiyo Maximilian akaghairi kumfukuza. Korosho za kibanda hicho zilisifiwa hadi stendi ya Ruangwa.

Mwanamvua alifurahi kwa jambo moja: sasa ushahidi upo. Akamwita mjomba wake Mohamedi kutoka Chinongwe, maana kwao shauri la mtoto wa dada husimamiwa na mjomba. Mzee akaja amekasirika, akaketi, kofia mapajani. Panya akatoka mapema, akarudi bure. Kisha pigo likalia.

"Umesikia, mjomba?"

"Nimesikia, mwanangu. Huyu kakupiga."

"Ndilo pigo lenyewe la kuepulia, mzee," alisema Maximilian, akimchotea korosho.

Mjomba akatafuna moja, taratibu. Akatafuna nyingine.

"Zimeiva," akasema, na hasira ikamshuka. Maximilian akamfungia mfuko. Mzee akaupokea kwa mikono miwili.

Mwanamvua aliumia kuliko siku ile ya mwiko. Akabandika karai jingine, akakaa kusubiri apigwe.