Chupa za Mtunza Stoo

Mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuona kitu bila kukipa namba. Kazini ulimfaa. Nyumbani ulikuwa balaa, ila nani angemwambia? Kiwanda kilipoitisha semina ya kuzuia ajali za sumu majumbani, alikaa mstari wa mbele, akaandika mpaka kalamu ikaisha wino, akarudi kwake kichwa kimemvimba.

"Humu ndani tunaishi na sumu kienyeji mno," alimtangazia mkewe, hata viatu hajavua.

Semina ilisema wazi: sumu zibaki kwenye vyombo vyake, ziwekwe juu, zifungiwe. Bwana huyu aliyasikia yote, akayaona ni ya watu wa kawaida. Yeye alikuwa mtaalamu. Akamimina dawa ya choo, ya madoa, ya mende, siki na kila kilichomiminika kwenye chupa tupu za maji ya kunywa, za saizi moja, akazibandika namba. Makopo yenye picha ya fuvu akayatupa jalalani, maana maumbo yake yalimharibia mstari. Na kwa kuwa sheria ya stoo ni mzigo mzito chini, chupa zote akazipanga rafu ya chini kabisa jikoni, pale pale anapofika Bosi.

Bosi alikuwa binti yake wa miaka miwili na nusu. Jina alipewa na bibi yake, kwa jinsi alivyokuwa akitoa amri.

"Baba Bosi, hii ni ipi?" mkewe aliuliza kesho yake, chupa mkononi.

"Angalia orodha."

"Iko wapi?"

"Kwenye droo ya ofisini. Nimeifungia. Orodha ya sumu haiachwi ovyo."

"Mimi sasa nitajuaje?"

"Utanipigia simu, mke wangu. Simu si unayo?"

Wiki tatu mama wa watu, fundi cherehani mwenye kazi zake, alipiga simu kiwandani kuulizia cha kudekia. Siku moja simu ya mume ilizimika, akadeki sebule kwa siki, nyumba ikanuka uchachu hadi kesho yake. Mume alimlaumu yeye, kwa kukosa subira.

Jumamosi moja mchana mama mkwe alikuja kumsalimia mjukuu. Mtunza stoo, kwa adabu zote, alikuwa amekaa upande wa kiti akimweleza mkwewe habari za mpangilio na makopo aliyoyatupa, mkewe aliposikika jikoni akipiga yowe. Walimkuta Bosi amekaa sakafuni, chupa namba sita miguuni, kizibo na kikombe chake cha maji pembeni, kidevu na kifua cha gauni vimelowa.

Muuguzi wa nyumba ya pili alikuja mbio, kanga begani.

"Amekunywa nini?"

"Namba sita," alijibu mtunza stoo.

"Nimeuliza amekunywa nini, baba."

Orodha ilikuwa kwenye droo, droo kwenye ofisi, na ofisi ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu. Alijua mahali pa kila skrubu kule kiwandani, na hakujua mwanawe ana nini tumboni. Akaruka kumwinua Bosi.

"Tumtapishe! Tumpe maziwa!" alipayuka.

"Usimpe chochote, wala usimtapishe! Kama ni ya kuunguza itamuunguza mara mbili." Muuguzi alikuwa ameshamfungua Bosi mdomo kwa kidole. "Humu naona pako salama, lakini nyingine huchelewa kuonekana. Hospitali wataniuliza jina la dawa. Kopo lake liko wapi?"

"Jalalani," alisema mama mkwe, tena taratibu, akimtazama mkwewe.

Yale macho ndiyo yaliyommaliza. Mtunza stoo aliinyakua chupa na kabla muuguzi hajamfikia akapiga funda zima, aijue kwa ulimi. Alilia kama mbuzi. Akaitema, akashika meza, machozi yakimtoka na midomo ikivimba watu wanaona. Ilikuwa dawa ya choo.

Muuguzi alimvuta bombani, akamsukutua kwa maji mengi, huku akimtukana kistaarabu. Kisha akamgeukia mama wa mtoto. "Tulia, mama. Hii angeionja, sauti ingefika barabarani. Hebu mguse kifuani, hapachomi. Hayo ni mate na maji ya kikombe chake. Hata hivyo twendeni wote, akaangaliwe."

Hospitali walimwangalia Bosi, wakamwona mzima. Kitanda alipewa baba. Daktari alimkagua koo, akaandika, akamwambia mke bila kupunguza makali, "Funda hili lingeingia kwa huyu mdogo, mama, sasa hivi tungekuwa tunazungumza mengine."

Mtunza stoo alisikia. Aligeukia ukuta akalia, na safari hii haikuwa kwa sababu ya ulimi.

Jioni daktari alimruhusu kunywa maji, kidogo kidogo. Bosi akapanda kitandani, amebeba kwa mikono miwili chupa aliyofunguliwa na mama yake, isiyo na karatasi yoyote, na ndani kitu cheupe kinachoonyesha upande wa pili.

"Baba, kunywa!"

Baba aliitazama ile chupa. Alinyoosha mkono, akaurudisha. Akamtazama mkewe kwa macho ya kuuliza, maana ulimi ulijaa mdomo na neno halikupita.

Mkewe alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani. Alimwacha aitazame vizuri.

"Ndivyo tulivyoishi sisi wiki tatu," alisema mwishowe.

Bosi alizidi kumsogezea chupa mdomoni. Mtunza stoo alifumba midomo yake iliyochubuka, akatikisa kichwa, akabaki na kiu yake.