Mstari Mmoja wa Mke

Nandakala alikuwa wa kumi na tisa kwenye foleni, na ruba aliyemng'ang'ania juu ya kifundo cha mguu alikuwa bado hajashiba. Alimwona akivimba, akamwacha. Ukimng'oa ruba kabla ya wakati wake damu haikatiki upesi, na yeye, baada ya siku mbili za kutembea kwenye matope ya mwezi wa Saun, hakutaka kuingia ofisi ya watu na mguu unaochuruzika. Kule dirishani karani alikuwa na kazi moja kabla ya kila kazi: anachukua fomu, anakata kwa kalamu maneno mawili ya juu, ndipo anaandika. Mwanamke wa nyuma yake, aliyejua kusoma, alimwambia kwamba yanayokatwa ni "ya Mfalme". Mfalme aliondolewa mwezi wa Jeth, miezi miwili nyuma, lakini fomu zake bado zimejaa stoo.

Zamu yake ilipofika alisema yale aliyokuwa akiyasema peke yake njia nzima. Mumewe, Deuman Rawal, aliingia msituni na Wamao, wale waasi wa Mfalme, binti yao Junkiri akiwa na miaka minane, na hakurudi. Sasa Junkiri ametimiza kumi na sita. Amepata nafasi ya kusomea ukunga kule Nepalgunj, na chuo kinataka cheti cha uraia kabla ya mwezi kwisha. Cheti hutoka kwa baba.

Karani akauliza cheti cha ndoa. Hana. Aliozwa na miaka kumi na tano, mbele ya kuhani na moto, na moto hautoi risiti. Kuandikisha ndoa sasa kunataka mwanamume wa ukoo wa mume aje akubali, na shemeji yake Harka amekataa, kwa sababu mjane mwenye karatasi ni mjane mwenye shamba. Huyo Harka ameshamtafutia Junkiri mchumba pia, mwenye duka Surkhet, mzee kumpita marehemu baba yake. Chuo kikishindikana, harusi ni baada ya mavuno.

"Basi kalete barua ya chama cha hao Wamao," karani alisema. "Waandike alikuwa mpiganaji wao, kapigana vita vipi na vipi, kafia wapi, na mke ni nani. Hiyo inanitosha." Akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba yenye bendera nyekundu.

Kwenye foleni mtu alikohoa. Mwingine akanong'ona, kwa ule mnong'ono wa kusikika, kwamba leo bi mkubwa na bi mdogo watakutana uso kwa uso, wenye chai wainue vikombe vyao.

Habari za bi mdogo alikuwa nazo mwaka wa tano. Msichana ambaye Deuman alimwoa huko msituni, Mmagar, wa kabila lisilo lao, jina la chama Komredi Ujjeli. Nandakala alikuwa amemchora mwenyewe usiku na mchana, kila alipokata nyasi, kila alipochota maji: mrefu, kiuno chembamba, nywele za kukaliwa. Alimpamba adui yake kwa mikono yake mwenyewe, kisha akamchukia kwa uzuri huo.

Aliyemkuta nyuma ya meza ya chama, ng'ambo ya barabara, alikuwa mfupi, nywele amezikata kama za mwanamume, shavu lina madoa ya vipande vya bomu, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya kigoda kwa sababu haukunjiki. Lakini shingoni alikuwa na shanga nyekundu za mke mwenye mume. Nandakala alikuwa ndani ya nyeupe ya ujane mwaka wa tatu. Bangili zake alivunjiwa na mama mkwe, kwa jiwe la kusagia, siku uvumi wa msiba ulipofika. Na huyu kavaa nyekundu, kama mtu ambaye mumewe yuko shamba, atarudi kula.

"Karibu, dada," Ujjeli alisema, wala hakuuliza ni nani. "Deuman aliniambia una kovu la mundu kwenye nyusi."

Nandakala akamweleza habari za chuo na cheti, naye akachukua karatasi. Vita alivijua kwa moyo, akawa anavitaja huku akiandika, taratibu, kama mama anayeita watoto wake kula. Dunai. Dang. Mangalsen. Jumla. Beni. Nandakala alisimama akisikiliza majina hayo, na kila moja lilikuwa mahali ambapo hakualikwa.

"Kesho yake baada ya Dang tulioana," Ujjeli alisema bila kuinua kichwa. "Mashada mawili ya maua, ngumi juu, basi."

Mwezi ule wa Dang Nandakala aliukumbuka. Ilitangazwa hali ya hatari, wanajeshi wakaja kijijini kuuliza mumewe yuko wapi, akasema hajui, wakamwaga mahindi ya mwaka mzima uani wakayanyunyizia mafuta ya taa. Walikula mizizi mpaka mvua. Wakati huo, kumbe, mwenzake anavishwa shada.

"Na Beni nilishikwa na homa. Alipika siku nne."

"Alipika nani?"

"Deuman. Dengu na ugali." Ujjeli alitabasamu kidogo. "Ugali alikuwa anauunguza chini kila siku. Na nikiwa mwezini ndiye aliyenifulia, maana mtoni kulikuwa na risasi na mimi kukimbia nilikuwa siwezi."

Nandakala alitafuta pa kukaa, akakaa sakafuni. Miaka tisa aliishi na Deuman, na kila mwezi, damu ikija, alilala kwenye kibanda cha mbuzi, siku tano, bila kugusa maji wala chungu. Mwaka wa theluji nyingi aliingia ndani na kitoto kifuani kwa sababu kitoto kilikuwa kimeanza kuwa cha bluu. Deuman mwenyewe ndiye aliyeutoa mkeka wake nje, ameushika kwa vidole viwili, kisha akanyunyiza mkojo wa ng'ombe mlangoni kuondoa unajisi. Huyo wa kufua, huyu mwanamke alimpata wapi?

Wivu wake ulikuwa umejiandaa kwa kitanda. Ulijiandaa kwa nywele, kwa maneno matamu. Kwa sufuria haukuwa umejiandaa. Vita vilimchukua mume wake mbichi vikaenda kumwivishia mwingine.

"Na Khara ndipo alipobaki," Ujjeli alisema, safari hii polepole. "Mwezi wa Chait. Tuliwaacha wengi. Hatukuweza kumtoa. Hapa namwandika shahidi."

Khara iko nyuma ya mlima tu, mwendo wa siku moja. Nandakala alikuwa shambani akitawanya samadi, akasikia helikopta zinakwenda na kurudi, akamwambia Junkiri kwamba huko wanakwisha watoto wa watu.

Ujjeli aligeuza karatasi. "Sasa mke. Mstari wa mke ni mmoja, dada, na umeshajazwa tangu mwaka jana. Harusi yangu imo kwenye daftari la chama. Yako iko wapi?"

"Yangu ina miaka kumi na sita, na saa hizi inakamua nyati."

Kalamu ikatua mezani. Ujjeli aliutazama mguu wake. Alieleza bila kupamba kwamba alipata mimba mara mbili, na mara zote mbili chama kilisema wakati haujafika. Ya pili ilitolewa porini, na tangu hapo haishiki tena. Kisha akasema kilichokuwa kikimngoja mdomoni.

"Niandike mimi mama yake. Barua inatoka leo, cheti kesho, mtoto anakwenda chuo. Ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, futa jina lako uandike langu."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Ujjeli alizishika shanga zake. "Sitaki," alisema. "Wewe umebakiwa na mtu. Mimi nimebakiwa na jina."

Nandakala angeweza kumpiga, mguu ule usingemkimbiza popote. Akamfikiria yule mwenye duka wa Surkhet, na tarehe ya chuo. Akasimama, akakung'uta nyeupe yake, akamwambia aandike.

Walivuka barabara pamoja, na dirishani karani alisoma barua mara mbili. Akasema mbona mtoto amezaliwa miaka tisa kabla ya harusi. "Mapinduzi hayo, bwana," Ujjeli alijibu, karani akacheka, akairudisha tarehe ya harusi nyuma inapostahili. Kilichobaki ni shahidi, mtu anayemfahamu mtoto. Akamtazama Nandakala kama mtu ambaye hakuwahi kumsikia. "Wewe hapo. Shahidi hahitaji cheti, anahitaji kidole."

"Shahidi si Deuman? Si ndivyo mlivyomwandika?"

"Huyo ni shahidi wa kufa, mama. Wewe wa kuona. Huyu mtoto ni nani kwako?"

"Jirani," Nandakala alisema.

"Umemfahamu kwa muda gani?"

"Miaka kumi na sita. Na miezi tisa."

Karani alirudi kwenye tarehe ya kuzaliwa, akahesabu kwa vidole. "Mtoto ametimiza kumi na sita mwezi huu huu. Hiyo miezi tisa ulimjulia wapi?"

Watu wakacheka. Ujjeli hakucheka. Karani akaandika kumi na sita, akamsogezea wino.