Benchi la Luanda Kotieno

"Usiguse, Mama. Rangi haijakauka."

Zeituni aliondoa mkono, lakini kidole kimoja kilikuwa tayari kimegeuka buluu. Akakinusa. Rangi ya jana, pengine ya juzi jioni. Na chini ya rangi kulikuwa na harufu nyingine, ambayo aliijua kuliko harufu ya jasho lake mwenyewe.

"Hii boti ni mpya," Walter alisema. "Imetumika, ndio, lakini ni mpya."

Walter alikuwa karani wa ushirika wa wavuvi mpaka ushirika ukafa, na wasiompenda wanasema alianza kuurithi ungali mgonjwa. Alibaki na mashua tatu, kalamu mbili mfukoni, na tabia ya kuongea na wanawake huku akiangalia ziwa.

Nyuma yake, juu ya mashua kuukuu iliyolazwa kifudifudi mchangani, walikuwa wamekaa wanaume watano. Ufuo wa Luanda Kotieno una wanaume wa aina mbili: wanaoenda ziwani, na wanaoeleza jinsi ziwani kunavyoendwa. Hawa watano walikuwa wa aina ya pili. Mkubwa wao alikuwa Zadock, ambaye alivua samaki mara ya mwisho mwaka ambao hata mkewe haukumbuki.

"Mama wa mgongo wazi amekuja kununua boti," Zadock akatangaza, kana kwamba ufuo mzima ulikuwa umemtuma aseme. "Yawa! Mtu amekaanga miiba mpaka anataka kujua inatoka wapi."

Wakacheka, wakagongana mabega. Adero, aliyemsindikiza Zeituni kutoka Kisumu na ambaye hajawahi kukosa jibu maishani, akageuka. Zeituni akamshika kiwiko.

"Waache. Hawalipishi."

Mgongo wazi ndiyo ilikuwa kazi yao. Kiwanda cha minofu mjini kilikata samaki wa mbuta pande zote mbili, nyama ikapanda ndege kwenda kwa wazungu, na kilichobaki, kichwa, uti na mkia, kikaja mtaa wa Obunga. Miaka tisa Zeituni alikuwa amesimama mbele ya karai la mafuta akikaanga samaki waliokwisha kuliwa. Watu walinunua, wakala, wakalamba vidole, kisha wakamdharau kwa mdomo uleule. Hata jamaa zake wa Kaloleni, watu wa heshima nyingi na sufuria ndogo, walisema binti wa marehemu Faraji ameishia kuuza mifupa. Walisema hivyo wakitema mwiba.

Na sasa hata mifupa ilikuwa inaondoka. Mlinzi wa geti alikuwa amewaambia kwamba mwisho wa mwezi yote itachukuliwa na lori, ikasagwe iwe chakula cha kuku.

"Kuku," Adero alikuwa akirudia ndani ya basi mpaka Bondo. "Kuku ametushinda, Zeituni."

Ndiyo maana wanawake wa chama walimpa Zeituni pesa ya zamu yake, wakamwongezea na ya Adero, kwa sharti moja: arudi na mashua. Wavue wenyewe. Wakaange samaki mwenye ubavu. Pesa ilikuwa kwenye pindo la leso yake, na nyuma ya pesa hiyo hapakuwa na nyingine.

"Kwa sababu ni wewe," Walter alisema, akataja bei iliyolingana na kilichokuwa kwenye pindo, kana kwamba amelifungua na kuchungulia.

Zeituni aliinama, akaingiza mkono chini ya ubavu wa buluu, karibu na uti wa mashua, akatafuta kwa kidole gumba mpaka akapata kichwa cha msumari. Akakwangua rangi. Akakishika kwa vidole viwili, akakizungusha. Msumari ukatoka wote, bila ubishi.

"Unaharibu boti ya watu!"

Hapa lazima niseme jambo ambalo Walter hakulijua, kwa kuwa hakuwahi kumuuliza mwanamke kitu. Kuni za rahisi kule Obunga ni mashua zilizokufa. Zinapasuliwa ufuoni, zinaletwa kwa mkokoteni, na mbao zake zinaingia chini ya karai. Zeituni alikuwa amechoma mashua nyingi kuliko zile Walter alizowahi kupanda. Kila asubuhi alichekecha jivu, akatoa misumari, akawauzia watu wa vyuma. Msumari wa ubao mzima ulitoka mnene, umeng'ang'ania mti wake mpaka moto uumalize. Ule wa ubao uliooza ulidondoka wenyewe kabla ya kiberiti, umeliwa katikati, mwembamba kama kiuno cha nyigu.

Alimwekea Walter msumari kiganjani. Ulikuwa na kiuno.

"Hii nimeshaichoma, Bwana Walter."

"Umechoma nini?"

"Dada yake. Mwaka jana. Ilitoa moshi tu, hata chai haikuchemka."

Benchi likacheka, na safari hii halikumcheka Zeituni. Walter akautupa msumari ziwani. "Basi enda ununue meli."

Zeituni akaelekeza kidevu mahali wanaume walipokaa. "Na hiyo?"

Zadock akapiga ubao chini ya mapaja yake kwa furaha. "Hii? Mama, hii ni benchi!"

Ilikuwa mashua ya zamani, ya mvule, imechongoka mbele na nyuma. Wavuvi walipoanza kufunga injini, yenyewe haikuwa na mahali pa kufungia, na ilikuwa nzito. Walter akaipindua, akaisahau. Miaka minne ilikuwa mchangani, na kazi ambayo wale wanaume walifanya kwa bidii miaka hiyo yote ni kuipiga msasa kwa makalio.

"Sogeza mguu, Baba," Zeituni alimwambia Zadock, akachuchumaa. Akajaribu msumari wa kwanza. Haukugeuka. Akajaribu wa pili, wa tatu, mpaka kule chini kwenye uti. Wa nne ulimvunja kucha.

"Pesa ngapi?"

Walter alikuwa bado anauma meno kwa kuchekwa, na alitaka ufuo wote usikie. "Hiyo ni kuni! Si unajua kuni wewe? Leta bei ya mkokoteni mmoja, uende ukakaangie miiba yako."

"Andika," Zeituni akasema. "Kalamu unazo mbili."

Akaandika, maana hakuona njia ya kukataa mbele ya watu. Nimeuza kuni, kipande kimoja. Akatia sahihi yenye mikia mitatu. Zeituni alilipa, akakunja karatasi, kisha akageukia benchi.

"Inukeni, wazee. Mmekalia mali ya watu."

Wanne waliinuka wakicheka. Zadock aliinuka wa mwisho, akijipangusa suruali, na hakujua aende akasimame wapi.

Kabla ya jua kuzama Zeituni alikuwa amemaliza pesa yote. Alinunua wavu uliotumika na tanga lenye viraka, na akamlipa nusu ya ujira Wakhisi, Msamia aliyejua ziwa lakini hakuwa na chombo, ili aipeleke mashua mpaka Dunga, kule Kisumu. Ndipo wakaipindua. Hakuna mwanamume wa benchi aliyesaidia. Zadock alisema ana mgongo. Wakhisi na wale wanawake wawili waliisukuma juu ya magogo, hatua kwa hatua, mpaka ikaingia majini.

Maji yakaingia kila mahali. Kila kiungo cha mbao kilikuwa wazi. Ungeweza kupitisha sarafu.

"Amenunua chujio!" Zadock akapiga kelele. "Chuja chai, Mama!"

"Zeituni," Adero alisema polepole, na Adero akiongea polepole ujue kuna hatari. "Wale wanawake wataniuliza mimi. Zamu yangu iko hapo ndani."

"Imekauka. Mbao zitakunywa, zitavimba, zitafunga."

"Nani alikuambia?"

Hakuna aliyemwambia. Alikuwa ameona mbao zilizonyeshewa zikivimba mpaka shoka likakwama, basi. Alizijua mashua kama mchimba kaburi anavyowajua watu: vizuri sana, lakini baadaye. Aliye hai hakuwahi kumshika.

"Jaza mawe," akamwambia Wakhisi.

Wakajaza mawe. Mashua ikashuka polepole mpaka ncha mbili tu zikabaki juu ya maji. Ufuo ulicheka mpaka wauza chai wakatoka vibandani kuona. Mwanamke amekuja kutoka mjini, amenunua kuni, na sasa amezizamisha.

Walikaa siku tatu kwa shangazi ya Adero. Kila asubuhi Zeituni alishuka ufuoni, akasimama, akaziangalia zile ncha mbili. Wanaume nao walisimama, kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa. Walijaribu mawe, wakalalamika. Walijaribu kuegemea mashua ya buluu, wakaondoka na mistari mgongoni.

Siku ya pili akaja Kangethe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, na pikapu safi. Aliizunguka ile ya buluu, akaipiga teke kama gurudumu, akaipenda. Zeituni alimsogelea.

"Ndugu, zungusha msumari kwanza."

Kangethe alimtazama kuanzia kandambili hadi leso. "Mama, mimi ndiye nauza misumari," akasema, na akapeana mkono na Walter. Viganja vyake viligeuka buluu. Benchi likapiga makofi, likiwa limesimama.

Jioni hiyo Walter alikuja mpaka kwenye maji, akatazama zile ncha mbili muda mrefu kuliko mtu anavyotazama kuni.

"Nikurudishie pesa yako," alisema. "Nakuonea huruma tu."

"Kuni zimelowa, Bwana Walter. Nani atanunua?"

Asubuhi ya nne Wakhisi alipiga mbizi, akatoa mawe moja moja, kisha akaanza kukumba maji kwa kopo. Mashua ikapanda, nyeusi, nzito.

"Usiingie ndani," Zadock alimkumbusha Zeituni. "Mwanamke akikanyaga boti, samaki wanahama."

"Wakihama waje Dunga."

Hata hivyo hakuingia. Alisimama majini mpaka kiunoni, akashika ukingo. Wakhisi alipomaliza kukausha sakafu kwa gunia, Zeituni alimpa mkebe aliobeba kutoka Obunga, wa jivu la kusugulia karai.

"Nyunyiza. Yote. Kuanzia mbele mpaka nyuma."

Jivu likatanda juu ya mbao, jeupe, jepesi, mashua za miaka tisa juu ya mashua moja. Maji yangepenya hata tone, jivu lingegeuka jeusi.

Wakangoja. Adero alikuwa amefumba macho. Walter alisimama mchangani na viatu vyake, kisha akavivua. Mmoja mmoja wanaume wa benchi waliingia majini, suruali zimekunjwa, wakashika ukingo pande zote mbili, vichwa vimeinama, wanaangalia ndani.

Karibu na uti, kando ya kichwa cha msumari, jivu lilikuwa limefanya doa moja jeusi, dogo kama jicho la samaki omena.

Zadock alikuwa ameziba pua na mdomo kwa kiganja, asije akapuliza jivu.

"Linakua?" akauliza ndani ya vidole, na vichwa vyote vikazidi kuinama.